Nilienda Japani kufuata spea, familia nzima ikaenda na mimi

Mimi nauza spea used Kariakoo, upande wa Gerezani, injini na gia boksi za Toyota ndio riziki yangu, na miaka yote mzigo nilikuwa nachukua kwa wakubwa wanaoshusha kontena. Unajua ile mlango wa kontena ukifunguliwa tu watu wameshajaa kila mtu anataka kuwahi injini yake ya 1NZ, bei ni ile mwenye mzigo aliyoamka nayo siku hiyo na ukileta maneno anampa mwenzio aliyesimama nyuma yako. Tukakaa watu watatu tunaoaminiana tukasema jamani tuchange, mmoja aende mwenyewe Japani achague, kontena moja ya futi arobaini tugawane. Mwenye pasipoti iliyo hai nilikuwa mimi, basi kura ikaniangukia bila kupigwa.

Ila hii habari sio ya spea peke yake. Kuna jirani yetu wa duka, Mungu amrehemu, alikuwa anasafiri haswa, Dubai, Guangzhou, Japani, na kila akirudi kwake ni zawadi na picha za maghorofa, basi. Akafariki ghafla kontena yake ikiwa majini. Mke hajui nani kalipia, nani anadaiwa, makaratasi yako kwenye simu yenye namba ya siri, wakala wa kutoa mzigo anapiga hapokelewi. Mpaka ukoo ukae kikao, mpaka mambo ya mirathi yapate barua, storeji bandarini imeshakula faida yote na mtaji umeguswa. Mwanamke kaishi na mfanyabiashara maisha yote na biashara yenyewe hajawahi kuiona kwa macho. Lile jambo lilinikaa sana. Kwahiyo nilivyojua naenda nikamwambia mama watoto, safari hii hakuna cha baba yuko ng'ambo subirini zawadi, tunaenda wote, sema mwili utakaopanda ndege ni wangu.

Akacheka akasema haya, tuone.

Kuanzia viza nikawaingiza. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha tatu, yeye ndo alikaa na mimi kupanga karatasi, maana Wajapani wanataka barua ya mwaliko kutoka kwa kampuni ya kule, barua ya udhamini ya hiyohiyo kampuni, taarifa ya benki, na ratiba ya kila siku utakuwa wapi na utalala wapi. Mtoto akaniuliza, baba sasa ratiba ya siku kwa siku unaandikaje na wewe hujafika? Swali la maana kabisa. Ikabidi nimpigie mwenyeji wangu, ni Mpakistani kakaa kule miaka na miaka ana yadi Saitama, mkoa ulio jirani na Tokyo, akatutajia leo yadi hii, kesho ile, Alhamisi mnada, binti anaandika. Viza ilipotoka alifurahi yeye kuliko mimi, kama mtihani kafaulu yeye.

Mama watoto akanunua kaunta buku jipya. Humo ikaandikwa kila kitu, hela ya kila mwenzetu kati ya sisi watatu, jina la mwenyeji na namba zake, akaunti tunayotumia, kiasi tulichotanguliza. Nikampa na namba ya siri ya simu. Wanaume wenzangu najua hapo mtaguna, guneni tu.

Hafu habari zikavuja kwenye ukoo. We! Shemeji anataka simu, binamu anataka redio ya gari, kuna mjomba mmoja wa mbali kabisa kapiga anaomba gari, eti si nimesikia kule wanayatupa, mletee mjomba wako moja hata bovu. Mimi nilikuwa najikanyaga na kila mtu, nitaangalia, inshallah, mama watoto ndo alikata mzizi, akaandika kwenye grupu la ukoo kwamba baba anaenda na hela za watu watatu, hakuna hata mia ya zawadi humo, mwenye shida ya kitu atume hela kamili na nauli yake ya mzigo. Hakutuma mtu.

Safari yenyewe siielezei sana, Dar, Doha, Narita, unakaa kwenye kiti mpaka miguu inavimba. Watu wengi wanadhani Narita ni Tokyo, hapana, iko Chiba, kufika katikati ya Tokyo ni kama kilomita sitini. Ilikuwa Februari. Baridi ya kule usiombe, asubuhi ukiongea moshi unatoka mdomoni, na mimi mtu wa Tanga niliyekulia jua la pwani nimevaa makoti mawili na bado natetemeka. Kilichoniokoa ni zile mashine za vinywaji zimesimama kila kona, unatumbukiza sarafu linatoka kopo la kahawa au chai ya moto, moto kabisa, unalishika kwa mikono miwili kwanza ndo unakunywa.

Sasa mambo ya masaa. Wao wako mbele yetu masaa sita. Siku za mwanzo tukawa hatupatani, mimi nikiamka na hamu ya kuongea saa kumi na mbili asubuhi wenzangu Dar ni saa sita usiku wamelala, wao wakipata nafasi baada ya kula usiku mimi niko usingizi wa pili. Binti akatengeneza utaratibu: asubuhi yangu natuma voisi tu, wakiamka watasikiliza, na saa nne usiku yangu ambayo kwao ni saa kumi jioni watoto wametoka shule tunaongea kwa video. Na ikatokea bahati ambayo hatukuipanga, duka letu linafunguliwa saa mbili asubuhi na hiyo kwangu ni saa nane mchana, ndo niko katikati ya yadi nimezungukwa na mainjini. Mteja anasimama dukani Gerezani anasema nataka gia boksi ya Noah, mama watoto ananipigia, nageuza kamera, mteja anaiona ilivyokaa pale Saitama, anaona na namba iliyopigwa juu yake, anatoa advansi. Kabla hata kontena haijafungwa tulikuwa na advansi za watu kwenye kaunta buku kurasa nzima. Wenzangu wawili wakawa wanakuja kushinda dukani kwangu kuangalia video, mama watoto anawachemshia chai.

Yadi zile zina watu wa kila taifa, Wapakistani, Wasri Lanka, Waafghani, na Wajapani wenyewe wazee wazee. Kuna mji unaitwa Yashio hukohuko Saitama, Wapakistani walivyo wengi watu wanautania wanauita Yashiostan, na hapo chakula halali sio tatizo kabisa, biriani, roti, chai ya maziwa, nikapumua maana mwanzoni nilikuwa naishi kwa onigiri, ule wali wameufinyanga pembe tatu umefungwa kwa majani ya bahari ndani kuna samaki. Sio mbaya. Ila wali wa baridi asubuhi, hapana jamani.

Kazi ilivyo ni hivi. Gari imekatwa nusu, sehemu yote ya mbele, yaani injini, gia boksi, rejeta, taa, bampa, waya zake na kontrol boksi yake vyote vimebaki palepale vimeshikana. Sisi ndo tunapenda hivyo maana injini ikija bila waya na kontrol boksi yake fundi wa huku anaanza kuhangaika na lawama zinarudi dukani. Unafungua kifuniko cha oili unachungulia, ukikuta tope jeusi unaachana nayo hata waseme nini. Unaangalia maji kama yana mafuta, unaangalia mikanda, unaangalia kilomita. Yote hayo nilikuwa nafanya na simu mfukoni mwa koti kamera imetoka nje, mwanangu wa darasa la tano anafuatilia baadae. Siku moja kanitumia voisi, baba ile injini ya tatu hukuchungulia oili. Nikarudi kesho yake nikachungulia. Ilikuwa nzima, lakini nilirudi.

Bei sasa. Wale Wapakistani wanapatana kama Kariakoo tu, sema lugha ni kikokotoo. Yeye anaandika namba anakusukumia, wewe unafuta unaandika yako unamrudishia, anashika kichwa, anafuta, anaandika nyingine. Mama watoto yuko hewani anaona, anapiga kelele kwenye simu, usiongeze! usiongeze hiyo, iache ondoka! Yule bwana Kiswahili hajui lakini sauti ya mke anaijua dunia nzima, akacheka akaandika namba mpya akaionyesha kwenye kamera kwake yeye sio kwangu. Tukapata. Wajapani wenyewe ni tofauti, ukiomba punguzo anakuinamia kwa adabu kabisa na bei inabaki palepale, unaweza ukadhani amekubali.

Mwanangu swali lake lililomsumbua ni moja, kwanini wanaachana na magari mazima. Nikamuuliza mwenyeji, akanieleza vizuri nami nikamrekodia. Kule gari mpya ya mtu binafsi inakaa miaka mitatu ndo inaenda ukaguzi wa serikali, baada ya hapo kila miaka miwili, unaitwa shaken, na ukijumlisha ukaguzi, kodi, bima na vitu vya kubadilisha, laki moja ya yeni na kuzidi ni kawaida. Gari ikizeeka mtu anapiga hesabu anaona bora aiuze. Hafu mjini huruhusiwi kusajili gari mpaka uonyeshe una sehemu ya kuipaki, unaleta uthibitisho kabisa polisi wanahakiki. Mtoto aliposikia hiyo akasema basi mtaani kwetu wote wangenyang'anywa. Na ikifika ya kuvunjwa haitupwi ovyo, kuna sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005, mwenye gari anakuwa ameshalipia mapema hela ya kuiteketeza salama, gesi ya kiyoyozi, maeabegi na yale masalia ya kusagwa. Hafu wanaendesha kushoto kama sisi, usukani kulia, ndio maana IST ikitoka kwao inakuja kwetu moja kwa moja bila kugeuzwa chochote. Mjomba wangu yule wa gari bovu nikamtumia hii voisi na yeye. Hajajibu mpaka leo.

Alhamisi tukaenda mnadani, Noda, Chiba, ule wa USS Tokyo. Kwa siku moja wanapitisha magari zaidi ya elfu kumi, elfu kumi wadau, uwanja umejaa magari mpaka unachoka kuangalia. Mgeni hununui mwenyewe, lazima uwe mwanachama, mimi nilikwenda kama mtu wa mwenyeji wangu. Ndani watu wamekaa kwenye viti kama ukumbi wa mtihani, kila mmoja na skrini yake na kitufe, gari inatokea, bei inapanda watu wanabonyeza, nusu dakika haifiki imeuzwa inakuja nyingine, na hakuna anayepiga kelele. Mimi nimezoea mnada wa kupiga kengele na kubebana, nikakaa pale naona kama watu hawanunui kumbe mamilioni yanapita. Mwenyeji aliniambia ndani nisipige picha kwahiyo usiku nikawasimulia kwa mdomo, mtoto akachora. Kachora watu wamefungwa kwenye viti. Sikumrekebisha.

Ila karatasi ya mnada nilipewa nikaituma, na hii ndo imetulipa kuliko chochote. Kila gari inayopita pale ina karatasi yake ya ukaguzi, imepewa gredi, kuna 4, 4.5, 3.5 na kuendelea, ukiona R ujue hiyo ilishapata ajali ikatengenezwa. Chini kuna mchoro wa bodi na herufi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba ya pembeni inakuambia ukubwa wa tatizo. Kilomita zipo pia. Maneno ni ya Kijapani lakini herufi ni hizihizi zetu. Binti akaikariri. Saizi watu wa mtaani wakitaka kuagiza gari wanamletea karatasi anawasomea, na kuna mtu mmoja alikuwa amenunua gari iko hapahapa mjini tayari, akatafutiwa karatasi yake halisi ya mnada akamletea, binti akamwonyesha kilomita za kwenye karatasi na zilizopo kwenye dashibodi, walirudisha nyuma vibaya mno. Mimi mwenyewe baba yake nilikuwa nasoma gredi tu, zile herufi za kwenye mchoro yeye ndo kanifundisha.

Na yeye ndo aliyekaa kupiga hesabu ya gari moja ya mteja niliyoagizwa pembeni. Alianza na bei ya mnada akafurahi, kumbe gari rahisi hivi! Nikamwambia endelea. Ukaweka meli, ukaweka bima, ndo juu ya jumla hiyo unaanza ushuru wa forodha asilimia 25, hafu kuna ushuru wa bidhaa kutegemea ukubwa wa injini, gari ikizidi umri kuna nyongeza, hafu VAT asilimia 18 juu ya yote uliyokwisha jumlisha, bado bandari, bado wakala, bado usajili. Akanyamaza kwenye simu muda, akasema baba kumbe watu wakisema gari za Japani bei rahisi wanaishia kwenye mstari wa kwanza.

Mama yangu yuko Tanga, simu yake ni ya tochi. Voisi zake zinaenda kwa simu ya mjukuu anayekaa naye, na maswali yanarudi hivyohivyo. Watu wengine wote walikuwa wananiuliza Japani kuna nini, yeye anauliza watu wanaishije. Mnaswali wapi? Ijumaa moja nikaenda msikiti wa Tokyo, ule wa Kituruki karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, wa kwanza ulijengwa 1938, huu wa sasa ni wa mwaka 2000, ndani kuna nakshi mpaka unasahau kuangalia mbele, nikamwelezea nguzo, mazulia, Wajapani wanaokuja kutembea wakina dada wamejitanda mitandio waliyopewa mlangoni. Wanavua viatu wakiingia ndani kwao? Nikamwambia wanavua mama, na kuna ndala za ndani, na chooni kuna ndala nyingine za chooni tu. Akaridhika kabisa, akasema watu wastaarabu hao. Mwanangu nae nilimwambia kule wanafunzi wanasafisha darasa wenyewe nikidhani nampa jipya, akaniambia baba hata sisi tunafagia, tunadeki na choo, wao wanadeki choo? Nikaona niache kufundisha.

Swali la mama lililoniganda ni lile la mzee. Kwenye yadi moja kulikuwa na mzee wa Kijapani anayekata magari kwa gesi, kapita sabini, mgongo umepinda kidogo, kofia imekaa sawasawa, anaanza saa mbili kamili na saa nne kamili anakaa kwenye kopo lake anakunywa chai, dakika kumi na tano, anainuka. Nikamrekodi akiwa kazini, kwa ruhusa yake, aliinama akacheka. Mama akaulizia, wajukuu zake wako wapi huyo? Nikamuulizia kupitia mwenyeji. Hana mjukuu, ana mtoto mmoja yuko Osaka anakuja mwaka mpya. Kule karibu watu watatu kati ya kila kumi wana miaka sitini na tano na kuendelea, unawaona barabarani wameshika vijiti vya taa wanaongoza magari kwenye ujenzi, kwenye teksi, kwenye usafi wa stesheni. Mama alikaa siku mbili hajatuma kitu, hafu voisi ikaja fupi, mwambie huyo mzee tunamsalimia. Nikamwambia. Kesho yake mzee akaniletea mfuko wa machungwa madogo, akaonyesha kidole mbali huko, maana yake ya mama. Tuliyala sisi, mama nikampa picha.

Sio kila kitu niliwaambia kwa wakati. Usiku mmoja niko kwenye duka dogo lile linalokesha, nimesimama namrekodia mama voisi ya kumuaga, chupa zikaanza kugongana kwenye rafu, sakafu inakwenda kama boti. Tetemeko. Mimi shahada imeshatoka, muuzaji anaendelea kumhesabia mteja chenji hata macho hajainua, likapita. Ile voisi nikaifuta. Nikamwambia mama watoto peke yake usiku uleule, watoto kesho yake kwa utani utani, mama nilimwambia nilipofika Tanga nimekaa mbele yake anishike. Akasema ndo maana alikuwa ananiota. Kwangu mimi kushirikisha nyumbani sio kumwaga kila kitu kwa kila mtu, mzee wa miaka themanini na kitu yuko mbali utamwambia ardhi inacheza afanye nini na yeye?

Na hapo kwenye stetasi pia tulikwaruzana. Kijana wa dukani alikuwa anachukua zile video anaziweka stetasi kwa kujisifia, bosi yuko Japani, na ndani ya siku mbili watu ninaodaiana nao wakaanza kusogea, mmoja akamwambia mama watoto nimeona mambo yenu mazuri sasa naomba ile hela yangu yote, wakati tulikubaliana kidogo kidogo. Mama watoto akaweka sheria, video za mzigo zinaonyeshwa mteja aliyesimama dukani basi, maisha ya baba yanabaki grupu la nyumbani. Ilinisikitisha kidogo maana picha yangu na theluji ilikuwa imetoka vizuri.

Kupakia kontena ndo siku niliyofurahi kuliko zote. Wapakiaji wanne, watatu Wasri Lanka, wanapanga zile nusu kwa foklifti, moja imelala, nyingine imesimama juu yake, matairi yanachomekwa katikati zisigongane, bampa zinapita juu, milango pembeni, taa zimeviringishwa magodoro ya zamani, hawaachi hata sehemu ya kupitisha mkono. Nilipachika na vyangu, baiskeli ya mtoto, visu vya jikoni vya mama watoto, thamosi ya mama, na vyote nikaviandikisha kwenye orodha ya mzigo maana nisingependa kuja kuulizwa bandarini. Nikapiga video mwanzo mpaka mwisho bila kukata, mama watoto anahesabu na kuandika kwenye kaunta buku, injini ngapi, gia boksi ngapi, zimekaa upande gani.

Nikarudi mimi kwanza, mzigo nyuma, mwezi na zaidi. Mtoto alikuwa anaifuatilia meli kwenye ramani ya simu kila siku akitoka shule, imetoka Yokohama, imeshuka chini, ikafika Singapore kontena ikahamishiwa meli nyingine, akanuna anadhani baiskeli imeshushwa huko. Ramani yote ile kaijua, mlango wa Malacca anakuonyesha ulipo, na alivyoona meli imeshavuka Bahari ya Hindi hafu imesimama nje ya Dar inasubiri zamu ya kuingia alikuwa anapiga simu dukani kuuliza wanasubiri nini.

Ilipoingia mimi nilikuwa Mbeya kwa mambo mengine. Mama watoto akaenda mwenyewe na wakala. Makaratasi ya kule yalikuja na orodha ina injini mbili pungufu kuliko zile zilizoingia kwenye kontena, na ukiliacha hilo likagundulika wakati wa kukagua unaonekana umeficha. Akafungua kaunta buku, akafungua video, akamwonyesha wakala, akampigia Mpakistani moja kwa moja, wakati huo kule ni jioni, akamwambia kwa Kiingereza chake cha dukani, brother paper wrong, correct today. Karatasi iliyorekebishwa ikatumwa usiku uleule. Mimi napigiwa simu mambo yameshakwisha, naulizwa tu kama nakuja na viazi.

Mwaka huu tunataka kontena nyingine. Wale wenzangu wawili wamekaa wakasema aende shemeji, yaani mama watoto, kwenye kikokotoo ni mkali kuliko wewe. Pasipoti kashachukua, binti anaandika ratiba ya siku kwa siku, na mimi nimeshakabidhiwa kaunta buku na kuelekezwa mahali mchele unapowekwa.